Bweni Limekabidhiwa, Matroni Hayupo

Sensa ya Agosti 2012 ilihesabu watu 564,604 katika Mkoa wa Katavi, miezi michache tu baada ya mkoa huo kumegwa kutoka Rukwa. Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu 1,152,958. Ukuaji huo ni wa asilimia 7.1 kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya wastani wa nchi ambao ni 3.2. Anayetaka kuelewa kwa nini miradi ya hisani inayolenga watoto wa mkoa huu huonekana midogo siku ileile inapofunguliwa, aanzie hapo. Andiko la mradi hutumia idadi ya watoto wa mwaka lilipoandikwa, jengo hukamilika miaka miwili au mitatu baadaye, na katikati ya hapo vitongoji vipya vimeshazaliwa.

Watoto hao hawatoki mahali pamoja. Wengine ni wa familia za wafugaji na wakulima waliohamia kutoka Usukuma na Unyamwezi wakitafuta malisho na mashamba ya mpunga, mahindi na tumbaku, wakatua Mpimbwe, Mlele na wilayani Tanganyika. Wengine ni wajukuu wa watu walioikimbia Burundi mwaka 1972, wakalelewa katika makazi ya Katumba na Mishamo, na ambao wazazi wao walipewa uraia wa Tanzania kuanzia 2014. Wengine ni wa Mpanda mjini, mji uliokua kwa madini ya risasi na kwa reli iliyoletwa kutoka Kaliua kwa ajili ya madini hayo mwishoni mwa miaka ya 1940, na ambao leo unaishi kwa biashara, kilimo na dhahabu ya wachimbaji wadogo. Mfadhili aliyeko Muscat au Birmingham huwasoma wote kwa jina moja, watoto wanaoishi katika mazingira magumu. Mahitaji yao hayafanani.

Asasi za hisani zenye uhusiano na nchi za Kiarabu kwa kawaida hubeba kazi mbili. Ya kwanza ni kulipia masomo ya vijana nje ya nchi: Oman, Saudi Arabia, Misri, na hadi vita vilipozuka Khartoum Aprili 2023, Sudan. Ya pili ni kuwainua watoto wadogo nyumbani kwa kujenga bweni la wasichana, darasa la awali, kituo cha malezi ya mchana au kisima. Wazo lenyewe lina mantiki: kaka mtu aende akasome, mdogo wake apate pa kuanzia. Asasi za Ulaya na Marekani huahidi mambo yaleyale kwa maneno mengine, na yanayozipata hizi huzipata na zile. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa ni mwenendo wa jumla wa miradi ya aina hii, wala si hukumu kwa yeyote.

Upande wa kupanga, kazi hufanywa vizuri kuliko watu wanavyodhani. Mtendaji wa kijiji hushirikishwa, mkutano wa hadhara huitwa, eneo hutengwa, mhandisi wa halmashauri hutoa ramani na makisio. Vipimo vyenyewe vipo na vinajulikana: darasa la msingi ni la wanafunzi 45, la sekondari 40, la awali 25, tundu moja la choo ni la wasichana 20 au wavulana 25. Mtu akilisoma andiko zuri ataona vyote hivyo vimezingatiwa. Ninachokikosa mara nyingi katika maandiko haya ni kalenda.

Huku Katavi mradi mmoja huendeshwa na kalenda nne zisizopatana. Mfadhili huhesabu Januari hadi Desemba. Serikali, ambayo ndiyo itakayoleta walimu na kulichukua jengo, huhesabu kuanzia Julai mosi hadi Juni 30. Shule hufungua Januari. Na mvua, ambayo huku ni ya msimu mmoja, huanza kwenye Novemba na kwenda hadi Aprili. Chukua mfano wa fedha zilizoidhinishwa Machi. Zikishapita benki, zikasubiri akaunti ya mradi ifunguliwe na watia saini wapatikane, kamati ya ujenzi ikakaa na mafundi wakapewa mkataba, ni Agosti. Msingi unachimbwa Septemba. Kuta zinapofika kwenye lenta, mvua ya kwanza inanyesha. Tarehe iliyoandikwa kwenye mkataba ni Desemba 31, nayo haikuwa ya kweli tangu siku ilipoandikwa. Hakuna aliyedanganya. Aliyeiandika alikuwa anafunga vitabu vya mwaka wake, na aliyeitia saini hakutaka kuirudisha hundi.

Kama ningeulizwa ni mabadiliko gani yasiyo na gharama yangeleta tofauti kubwa zaidi, ningesema haya: fedha za ujenzi wa Katavi zifike kabla ya Mei. Mei hadi Oktoba ni miezi sita mikavu. Matofali ya kuchoma hukauka, mchanga huchotwa mitoni, lori hufika Mwese na hushuka hadi Karema ziwani bila kulala njiani. Bweni lililoanzwa Mei linaweza kuezekwa kabla ya mvua, kisha plasta, dari na milango vikaendelea chini ya bati Novemba na Desemba. Lililoanzwa Septemba hulala mwaka mzima.

Majengo yanayolala hivyo yana jina, nalo ni maboma. Ukisafiri kutoka Mpanda kuelekea upande wowote utayaona: kuta za tofali jekundu zilizosimama hadi kwenye lenta, bila paa, nyasi zikiota ndani. Wageni huyachukua kuwa ushahidi wa kushindwa, nami sikubaliani nao. Boma ni mchango wa wananchi. Katika utaratibu uliozoeleka nchini, wanakijiji hutoa nguvu zao, mawe, mchanga, maji na matofali, wakainua kuta, kisha serikali au mfadhili huja kumalizia kwa mbao, bati na sakafu. Kijiji chenye boma kimeshalipa sehemu yake. Hata hivyo mfadhili mgeni mara nyingi hupendelea kuanza upya kwenye kiwanja kitupu, kwa ramani yake, ili picha ya mwanzo na picha ya mwisho zitofautiane. Boma la kijiji hubaki pembeni likiliwa na mvua. Kwa mtoto anayehitaji kiti cha kukalia Januari ijayo, kumalizia maboma matatu kuna maana zaidi kuliko kujenga darasa moja jipya.

Ujenzi wenyewe siku hizi hufanywa zaidi kwa fosi akaunti: shule au kijiji hununua vifaa chenyewe na kuajiri fundi wa hapohapo, kamati za wananchi zikisimamia mapokezi na malipo. Gharama hupungua na fedha hubaki kijijini. Udhaifu wake ni kwamba mhandisi ni mmoja na maeneo ya kukagua ni mengi, katika mkoa wenye zaidi ya kilomita za mraba 45,000. Fundi akifika hatua ya kufunga nondo za lenta, anapaswa kusubiri zikaguliwe kabla ya kumwaga zege. Akisubiri wiki tatu, vibarua wameondoka. Asiposubiri, kazi hukataliwa baadaye na kubomolewa. Mikataba mingi haina fungu la mafuta ya gari la mkaguzi, ingawa ni fedha kidogo na ndiyo huamua kama tarehe itafikiwa.

Siku ya makabidhiano hufika. Kuna turubai, viongozi, watoto wenye sare, kibao kimefunikwa kitambaa. Watu hufurahi kwa dhati, na wana haki. Shida iko katika kuihesabu siku hiyo kuwa mwisho wa mradi, kwa sababu vitu vinavyobaki bila kufanywa hufanana sana kutoka mradi hadi mradi, na karibu vyote ni vile vinavyomfanya mtoto aweze kuingia.

Tuangalie bweni la wasichana 80, kipimo ambacho hujengwa mara nyingi. Kwa kanuni ya tundu moja kwa wasichana 20, linahitaji matundu manne, na kwa kawaida yatajengwa. Yatakayokosekana ni maji ya kuyatumia. Kisima kilikuwa kwenye andiko, lakini kilipangwa mwisho, na kilipochimbwa fedha za pampu na tangi zilikuwa zimeshaingia kwenye bati. Halafu vitanda vya dabo deka 40 na magodoro 80: wapo wafadhili ambao kanuni zao huruhusu kulipia jengo tu, wakiamini samani zitaletwa na serikali, wakati halmashauri inaamini samani zitaletwa na mfadhili. Halafu umeme, uzio na jiko. Halafu matroni. Hakuna mzazi wa Inyonga au Majimoto atakayemwacha binti wa miaka 14 alale kwenye jengo lisilo na mtu mzima, na akikataa hakosei. Bila matroni anayelipwa, mwenye chumba chake pale pale, bweni hubaki ghala la madawati mabovu.

Nalisisitiza hili kwa sababu ya jambo moja. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa 2015–16 ulionyesha kuwa Katavi wasichana 45 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au walikuwa na mimba ya kwanza. Kiwango cha nchi kilikuwa 27. Mkoa huu ndio uliokuwa juu kuliko yote. Msichana anayetoka kitongoji cha wafugaji hadi sekondari ya kata ana njia tatu: atembee saa nyingi asubuhi na jioni, apange chumba mtaani na wenzake bila mlezi, au alale bweni. Njia mbili za kwanza zinajulikana zinakoishia. Kwa hiyo bweni lililokamilika Julai na kufunguliwa Januari ya mwaka unaofuata, au ya mwaka baada ya huo, lina gharama ambayo haiandikwi kwenye taarifa ya fedha. Tangu Novemba 2021 wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito wanaruhusiwa kurudi. Sijaona mara nyingi ramani ya bweni yenye chumba cha anayenyonyesha, wala andiko linaloeleza mtoto wake atabaki na nani. Kwa Katavi, kati ya mikoa yote, chumba hicho kingepaswa kuwemo tangu mchoro wa kwanza.

Vituo vya malezi ya mchana vina mkwamo wa namna nyingine. Jengo ni dogo na hukamilika haraka. Lakini chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, kituo cha kulelea watoto mchana lazima kisajiliwe, na afisa ustawi wa jamii lazima akikague. Maombi hayo mara nyingi hupelekwa jengo likishakwisha, badala ya kwenda pamoja nalo. Mlezi huajiriwa kwa posho ya mwaka mmoja. Uji hutolewa mradi ukiwepo, na siku unapokoma mahudhurio hushuka ndani ya wiki, kwa kuwa kwa mtoto wa miaka minne uji ulikuwa nusu ya sababu ya kuja, na kwa mama yake ulikuwa sababu ya kumruhusu. Sehemu ambazo vituo vimedumu, mara nyingi vimeegemezwa kwenye shule ya msingi au shule shikizi iliyo karibu, mwalimu wa awali akiwa tayari kwenye orodha ya mishahara. Havivutii kwenye picha, lakini vinafanya kazi.

Ule mkono wa kwanza wa kazi za asasi, wa masomo ya nje, hauna saruji wala mbao, na kwa hiyo watu hudhani hauna maboma. Unayo. Kijana hupata nafasi ya chuo, ada imelipwa, halafu safari inakwama kwenye karatasi. Pasipoti inadai cheti cha kuzaliwa chake na nyaraka za uraia wa mzazi. Kijana wa Mpanda mjini hukamilisha haya kwa wiki chache. Kijana wa Mishamo ambaye babu yake alifika bila karatasi na baba yake akapata cheti cha uraia 2014 au baada ya hapo, huhitaji muda mrefu zaidi na nauli za kwenda na kurudi mjini. Barua ya udahili ina tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo haijui habari za Mishamo. Ni haki kusema kwamba asasi zinazoanza kukusanya nyaraka mwaka mmoja kabla ya mtihani wa kidato cha nne hupeleka watoto wengi zaidi kuliko zile zinazosubiri matokeo.

Akishafika, kuna mwaka wa kujifunza Kiarabu kabla ya masomo yenyewe, wakati mwingine miwili. Ufadhili uliopangwa wa miaka minne huwa umekwisha kijana akiwa mwaka wa tatu. Tiketi ya kurudi nyumbani wakati wa likizo haikuwemo. Dharura haikuwemo pia: vita vya Sudan vilipoanza, wanafunzi wa Kitanzania waliokuwa huko walitolewa kwa barabara hadi Ethiopia kisha kwa ndege ya serikali, na waliorudi ilibidi watafute vyuo upya wakiwa na nyaraka pungufu. Mwishoni kuna shahada ambayo lazima itambuliwe na mamlaka ya vyuo vikuu nchini kabla ya kuombea ajira ya serikali. Hatua hiyo si ngumu ikiwa chuo kilichaguliwa kwa kuangalia suala hilo tangu mwanzo. Kijana aliyeahidiwa kurudi kufundisha Nsimbo, akikaa miaka miwili akifuatilia cheti, ni mradi usiokamilika sawasawa na bweni lisilo na maji.

Gharama hukua kwa sababu ambazo nyingi zinaweza kutabiriwa. Saruji huja kutoka Mbeya kupitia Sumbawanga, au kutoka pwani kwa safari ya zaidi ya kilomita 1,000, na nondo na bati vivyo hivyo. Mwaka 2021 na 2022 bei ya bati na nondo ilipanda nchi nzima, na andiko lililokuwa na makisio ya 2020 likawa limepitwa. Barabara ya lami kwenda Tabora na Sumbawanga imepunguza makali hadi Mpanda, lakini kutoka Mpanda kwenda vijijini mzigo hulipiwa kwa hali ya njia kuliko kwa umbali. Kodi ya Ongezeko la Thamani ni asilimia 18. Asasi nyingi huandika bajeti zikitarajia msamaha, na kibali kisipotoka mapema vifaa hununuliwa na kodi yake. Mbao nazo: misitu imeizunguka Katavi pande zote, lakini kuvuna kunahitaji kibali, na fundi aliyezoea kununua mbao kwa jirani hukuta bei ya mbao halali ni nyingine kabisa.

Thamani ya shilingi hufanya kazi kwa njia mbili. Dola moja ilikuwa takribani shilingi 2,300 mwaka 2021, na kufikia 2024 ilipita 2,600. Asasi inayojenga Mpanda kwa dola hupata shilingi nyingi zaidi, nafuu ambayo humezwa na bei za vifaa. Mzazi aliyeahidi kuchangia nusu ya gharama za kijana wake Cairo au Muscat hana nafuu yoyote. Mahindi yake yanauzwa kwa shilingi na matumizi ya mwanawe yanatozwa kwa fedha ya huko. Wazazi wa namna hiyo hukaa kimya hadi chuo kinapoandika barua. Kuna haja ya kuwauliza kila mwaka, kwa heshima, kama bado wanaweza.

Lakini sehemu kubwa ya kile kinachoitwa ongezeko la gharama, kwa maoni yangu, haikuongezeka. Ilikuwepo tangu mwanzo na haikuandikwa: mshahara wa matroni, kuni au gesi ya jiko, maji, ukarabati wa vitasa na vyoo, chakula. Elimu bila ada, iliyoanza Januari 2016 kwa shule za msingi hadi kidato cha nne, iliondoa ada, lakini chakula cha bweni kimebaki kuwa makubaliano kati ya shule na wazazi. Makubaliano hayo huandikwa kwa fedha, na huombwa Januari.

Januari katika Katavi ni mwezi wa kupalilia. Ghala la mkulima liko chini, fedha za tumbaku za mwaka jana zimekwenda kwenye mbolea, na mpunga wa Mpimbwe bado uko shambani. Mavuno huja kuanzia Mei. Shule zinazopokea mchango wa bweni kwa mahindi na maharage kuanzia Juni hadi Agosti, na kuyahifadhi kwa ajili ya mwaka unaofuata, hujaza vitanda vyake kwa urahisi zaidi kuliko zinazodai fedha taslimu siku ya kufungua. Kinachohitajika ni ghala kavu, mifuko isiyopitisha wadudu, mizani, na mtu mmoja wa kamati mwenye daftari. Gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na bweni zima. Ingekuwa vyema kila andiko la bweni la mkoa huu liwe na ghala hilo kwenye ukurasa uleule wenye ramani, na tarehe ya kukamilika ihesabiwe kuanzia usiku ambao msichana wa kwanza amelala pale akiwa ameshiba, maji yapo, na matroni yupo chumbani kwake.